Chemba Chini ya Kitanda

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alifungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akapiga hodi kwa nyumba isiyo na mtu, kisha akajikaribisha mwenyewe. Alivua sare, akaosha vyombo, akapasha chakula na kula amesimama, maana kukaa peke yake kwenye meza ya watu watatu kulimtia unyonge. Jina hilo la utani alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama alifariki mwaka uliopita. Jina limebaki, maneno yamekwisha.

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Alitoka alfajiri, akarudi jioni na unga mpaka kwenye nyusi. "Mama, umekula? Umesoma?" alimuuliza binti yake, na kabla hajajibiwa usingizi ulishamchukua kitini. Chiriku hakuwa na kinyongo. Alikuwa na hamu naye tu, ingawa alikuwa palepale.

Walihamia nyumba hiyo miezi mitatu iliyopita. Siku ya kukabidhi ufunguo, bibi aliyekuwa akiishi humo alimwonyesha Chiriku chumba cha nyuma, kilichoongezwa uani. "Mjukuu wangu, chumba hiki ndicho chenye chemba. Umwambie baba yako." Baba alikuwa akipambana na kabati lililokwama mlangoni, hakusikia.

Neno chemba Chiriku alilijua vizuri, au alidhani hivyo. Mama alipotaka kuzungumza naye faragha alimkonyeza na kumwambia, "Njoo chemba," wakaenda pembeni kunong'onezana. Basi akafikiri bibi anakisifia chumba kuwa ni kizuri kwa mazungumzo ya watu wawili. Akakichagua papo hapo. Alingoja baba apate nafasi ya kukaa naye humo ndipo amweleze. Nafasi haikupatikana.

Wiki ya tano, alipokuwa akifagia chini ya kitanda, ufagio ulinasa kwenye zulia la plastiki, zulia likafunuka. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa chuma wenye tundu, pale mshikio ulipokatika. Tunduni mlitoka harufu iliyomrudisha nyuma hatua mbili.

Angeweza kusema jioni ileile. Lakini siku chache kabla alimsikia baba akizungumza na shangazi kwenye simu: "Dada, nikiona nyumba inanishinda, mtoto nitamleta kwako." Shangazi alikaa mbali, safari ya siku nzima. Chiriku akajisemea kwamba nyumba inayonuka ndiyo nyumba iliyomshinda baba. Akachana shuka kuukuu, akaziba tundu kwa vitambaa, akarudisha zulia na kufunga mdomo.

Vitambaa vilitumbukia. Akaziba kwa vingine, navyo vikatumbukia, na harufu ikazidi. Baba, ambaye pua yake ilizoea hamira na moshi wa tanuri, alisema labda panya amefia darini. Shuleni hawakuwa na pua kama yake. Msichana aliyekaa naye dawati moja alimwomba mwalimu amhamishe, akisingizia kwamba haoni ubao. Chiriku akaweka begi pale alipokaa mwenzake ili pasionekane patupu.

Jumapili asubuhi baba alikuwa akioga. Chumbani, maji ya kijivu yakaanza kupanda chini ya kitanda. Chiriku alipiga magoti na ndoo, akawa anakausha kwa tambara. Mara baba akaingia na taulo begani, povu bado sikioni.

"Maji ya bafuni hayaendi. Na haya je?"

"Nimemwaga maji ya kunywa, baba."

"Maji ya kunywa yenye rangi hii? Basi tungeshakufa zamani."

Akamwita fundi bomba, mwanamke mrefu mwenye mabuti mpaka magotini. Fundi alizunguka nyumba mara mbili, akarudi chumbani amekunja uso.

"Chemba ya nyumba hii iko wapi?"

"Sijui, dada. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona."

"Ni chumba hiki," Chiriku alisema. "Lakini si chemba ya maji. Ni ya mazungumzo."

Fundi akacheka mpaka akashika ukuta. Alipoona mtoto hacheki, akaacha.

"Hiyo ni chemba ya watu, mwanangu. Mimi natafuta ile ya maji machafu, shimo la kukagulia bomba. Lina mfuniko."

Chiriku alitazama zulia chini ya kitanda. Angeweza kunyamaza, na fundi angeondoka. Lakini maji yalishafika kwenye vidole vya baba.

"Liko chini ya kitanda changu," alisema. "Nimelijua muda mrefu."

Walisogeza kitanda. Fundi alivaa glavu, akafunua mfuniko, akavuta kitambaa kimoja, cha pili, cha tano.

"Hii si shuka yetu ya maua?" baba aliuliza.

"Ni mimi. Nilikuwa naziba harufu ili usinipeleke kwa shangazi."

Fundi akasukuma fimbo yake ndefu, bomba likakoroma, maji yakateremka. "Mtoto asilale humu," alisema. "Nitaweka mfuniko mpya unaobana, na juu yake pasikae kitu. Sasa osheni mikono kwa sabuni. Maji haya yanaharisha, hayana utani."

Fundi alipotoka kwenda kuchukua vifaa, baba aligeuza ndoo akaikalia, wakawa wanatazamana uso kwa uso.

"Ungesema siku ya kwanza, ingekuwa kazi ya mfuniko tu," alisema. "Ulificha, ikawa kazi ya nyumba nzima. Lakini hata mimi nilificha. Niliogopa sitaweza kukulea peke yangu, nikamwambia shangazi badala ya kukuambia wewe. Kuanzia leo, jambo likitutisha tuambiane likiwa bado dogo, hata kama ni la aibu."

"Kwa hiyo siendi?"

"Uende wapi, mama? Mimi nibaki na nani?"

Chiriku akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na baba yake hakumnyamazisha.