Seremala Asiye na Mlango

Fundi Kesho alikuwa seremala hodari. Mafuriko yalipopita, nyumba nyingi za mtaa zilijengwa upya, na karibu zote zilifungwa kwa milango yake. Nyumba yake mwenyewe ilifungwa kwa turubai la msaada. Jina la Kesho alipewa na mkewe. Kila akiulizwa, "Baba watoto, mlango wetu lini?" alijibu, "Kesho."

Haukuwa uvivu. Wagawaji wa msaada walikuwa wakipita kukagua nani amesimama tena na nani bado. Jirani mmoja, mjane, alikutwa na baiskeli. Mgao uliofuata, unga wake haukuja.

Tangu hapo akili ya Fundi ilihamia barabarani. Gari likinguruma, alitupa randa, akafunika mbao, akamwambia mama yake, "Mama, kohoa!"

"Tena kikohozi?" aliuliza Bibi. "Mara ile ulinipa ugonjwa wa kiuno."

Gari likapita. Lilikuwa la mchanga. Fundi akaketi, akainuka, akaketi tena, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliwahi kuitwa kutengeneza milango ya zahanati ng'ambo ya mto. Alikataa. Je, wakigawa unga naye hayupo?

Asubuhi moja mteja alikuja kuulizia dirisha. Mtu atagongaje turubai? Alilifunua, akaingia, akamkuta Bibi anavaa.

Mteja alitoka mbio. Bibi alitoka polepole, na hilo lilitisha zaidi.

"Mwanangu, nimezaa, nimelea, nimezika. Leo nafunuliwa kama sufuria! Mlango uwekwe leo, au narudi kwenye gofu langu kando ya mto. Kule angalau kuna kuta mbili."

"Mama, wakiuona tutakatiwa unga."

"Basi ule huo unga, na aibu yangu iwe mboga."

Fundi alifunua mbao zake. Alichukua mlango. Mikono ilifunga bawaba, macho yalilinda barabara. Maskini, alisahau kichochoro. Afisa ustawi wa jamii alikuja kwa miguu.

"Habari za kazi, Fundi?"

Fundi alishtuka, akaanza kufungua skrubu. Afisa akashika kiuno. "Unaufunga au unaufungua?"

"Naupima tu, dada. Ni wa mteja."

"Ni wetu!" mkewe alipaza sauti kutoka ndani.

Afisa alicheka. "Sikuujia mlango. Nimekuja kwa ajili ya umri wa mama."

"Ana miaka mia," Fundi alisema haraka.

"Mingine kaniongezea yeye," alisema Bibi. "Nina sabini na miwili."

"Inatosha, Bibi. Sasa kila aliyefika sabini atalipwa kila mwezi. Na kila mtoto mchanga ana malipo yake. Hatukagui mlango wala chungu."

Fundi alikunja uso. "Hata mama wa yule mwenye ghorofa?"

"Hata yeye. Nikianza kuchagua, lazima nichungulie. Nikichungulia, wewe unaficha. Mwisho anaachwa mjane kwa kosa la kuwa na baiskeli."

"Na wafadhili wakichoka?"

"Kwa sasa wanachangia. Lakini kuna kodi pia: ya mwenye ghorofa, na yako kwenye kila msumari unaonunua. Hapa huombi, Fundi. Ni haki ya mama yako, na imeandikwa katika sheria."

"Kitambulisho changu kilikwenda na maji," alisema Bibi.

"Vya wengi vilikwenda. Njoo ofisini na majirani wawili wanaokufahamu. Ushahidi wao utakubaliwa."

Fundi alitazama upande wa mto. "Na maji yakirudi?"

"Hapo ndipo utaona faida. Leo tunangoja magari, na magari yanakwama kwenye matope. Kesho njia ya malipo itakuwa tayari. Tutaongeza kiasi na kukituma kwa njia hiyo hiyo."

"Kwa hiyo huu mlango niufunge?"

"Ufunge. Na uupake rangi."

Malipo ya kwanza yalipoingia kwenye simu, Fundi alisema ni bahati. Ya pili yalipoingia, alinunua rangi. Ya tatu yalimkuta ng'ambo ya mto, anapiga randa milango ya zahanati. Jirani mjane, anayelea mjukuu mchanga, naye alikwenda kwa wakala wa simu kuchukua ya mtoto. Alikwenda kwa baiskeli, tena anapiga kengele.

Jioni moja Fundi alirudi kutoka kazini, akasukuma mlango. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama, ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Mwanao!"

"Mwanangu nilimfundisha kupiga hodi."

Fundi alirudi nyuma, akajipangusa vumbi la mbao, akagonga. "Hodi!"

"Subiri hapo hapo," alisema Bibi, bila haraka yoyote. "Navaa."