Kikombe Alichokiruka Serah

"Pitisha tu, tumbo linanisumbua."

Serah alinisukumia kikombe bila kukitazama. Ilikuwa Ijumaa, tumejazana chumbani kwetu Al-Baghdadiyah, mapazia yamefungwa, tunaimba kwa kunong'ona. Meza ya Bwana kwetu ni mkate wa samuli na Vimto, sharubati nyekundu ya chupa. Divai tutaitoa wapi hapa Jeddah? Pasta Robinson, ambaye siku zingine ni mlinzi wa ghala, aliibariki hivyo hivyo na sisi tukaamini.

Lakini siku hiyo Gilbert alikuwepo. Gilbert ni dereva kule Riyadh, na mapenzi yake na Serah yalikuwa ya simu. Bosi wake alikuja Jeddah harusini, naye Gilbert, aliyemwendesha, akaomba ruhusa kidogo. Alinionyesha pete pale mlangoni, meno yote nje.

"Beldina, usimwambie. Leo ndiyo leo."

Basi akaona Serah akiruka kikombe. Ibada ilipoisha akamfuata jikoni. Mimi nilikuwa naosha vikombe, na siwezi kufukuzwa jikoni kwangu na wapenzi.

"Serah, hilo tumbo ni la kila Ijumaa? Pasta anasema hujawahi kushiriki tangu uanze kuja."

"Pasta ana mdomo."

"Kuna mwanaume mwingine?"

"Hakuna."

"Basi ni nini? Nimekuja kukuvisha pete. Niambie ukweli, mimi si mtoto."

Aliposema mtoto, Serah akashika sinki kwa mikono miwili.

"Nilizaa, Gilbert."

Nikafunga bomba.

"Ulizaa lini?"

"Kabla sijakujua. Nilikuwa nimetoroka kwa madam aliyeniajiri, najificha mtaa wa Al-Mahjar, ikama mafi, sina kibali cha kukaa. Baba yake aliahidi kunioa. Tumbo lilipoonekana akabadilisha laini."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Alikufa. Alishikwa na homa. Beldina akaniambia tumpeleke hospitali, nikakataa. Niliogopa kuulizwa baba yake ni nani. Niliogopa kurudishwa nyumbani, mama achekwe kanisani. Nikamkanda na kitambaa mpaka akanyamaza. Gilbert, mtoto wangu alikufa kwa sababu ya aibu yangu. Mikono hii ndiyo ishike mwili wa Bwana?"

Aki, nililia. Mimi ndiye niliyemzalisha, juu ya godoro, lakini maneno hayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake.

Gilbert naye alikuwa amekunja uso.

"Kila jioni tunaomba pamoja kwa simu. Nakuuliza, nikuombee nini? Unaniambia, niombee mgongo!"

"Ningekuambiaje?"

Honi ikapigwa huko chini, simu yake ikalia, na sauti ya bosi ikajaa jikoni. "Gilbert! Yalla, yalla!"

Akachukua kofia yake akaondoka. Pete ikaondoka naye.

Serah alimwandikia: "Nisamehe. Ukitaka tuachane, sema tu halas, imekwisha." Tiki mbili za bluu zikaonekana, jibu mafi. Siku zikapita. Akaacha kula. Nilimtukana huyo Gilbert kwa Kiluo na kwa Kiswahili, na Kiarabu kidogo ninachojua nikakimalizia kwake.

"Wacha, Beldina," Serah akaniambia. "Hata mimi nisingemjibu mtu kama mimi."

Ijumaa iliyofuata, mkate ukiwa ndio umeanza kuzunguka, simu ya Serah ikaita. Akaitazama tu, nikamwekea spika mimi.

"Serah, niko Riyadh, ndani ya gari, nje ya supamaketi. Nimenunua Vimto na samuli."

"Gilbert..."

"Ngoja niseme, bosi anaweza kutoka saa yoyote. Nilikasirika. Si kwa ajili ya mtoto. Nilikasirika kwamba ulibeba huo mzigo peke yako na mimi nipo. Wiki nzima nimemwomba Mungu anipe neno la kukuambia, hajanipa. Amenipa swali tu. Mtoto aliitwa nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi. Nilikuwa namwita kababy tu, kisha akafa, na sisi tukaacha kumtaja.

"Priscilla," Serah akasema. "Nilimpa jina la mama yangu."

Kwao msichana akizaa kabla ya kuolewa, mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake mzaa mama.

"Priscilla," Gilbert akarudia polepole. "Bwana Yesu, mpokee Priscilla. Na mama yake pia, amechoka."

Pasta Robinson akamshikisha kikombe. "Serah, damu hii haikumwagikia walio safi. Ilimwagika kwa ajili yetu sisi."

"Na mimi sinywi mpaka unywe," Gilbert akasema. "Vimto yangu inapata moto huku. Pete iko hapa kwa gari, utaivaa siku uko tayari."

Serah akanywa. Kisha akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa leo, na hatukumnyamazisha. Pasta aliongeza tu AC yenye kelele ili majirani wasisikie.

Alipomaliza akajifuta uso, akaagana na Gilbert, akampigia mama yake, spika ikiwa bado imewashwa.

"Mama, keti chini."

"Nimeketi. Kuna nini?"

"Nilizalia huku. Msichana. Alikuwa mgonjwa, na mimi sina karatasi, nikaogopa kumpeleka hospitali, akafa. Watu wengine walimzika, mimi sikuthubutu kufuata, hata kaburi silijui. Nilimwita Priscilla, mama. Nisamehe."

Tulisikia kuku wakilia huko nyumbani, na mama akipumua.

"Mama, uko?"

"Niko. Jumapili nitasimama kanisani nimtaje mjukuu wangu. Atakayecheka, acheke."

"Mama..."

"Nenda kwa hao wakubwa wa huko, waambie huna karatasi, wakurudishe. Usijifiche tena." Akakohoa. "Umesikia, Mama Priscilla? Rudi nyumbani tumlilie pamoja."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Serah akaisogeza simu mdomoni, akaitika.

"Ndiyo, mama. Nakuja."