Batu Batatu, Ndoo Zero

Asubuhi Mama Tamar alifagia mbele ya nyumba kule Butembo. Alikimbia vita ya Beni na batoto wake wawili, Jéthro na Rébecca. Shamba lilibaki nyuma. Sasa walikula unga wa kanisa tu.

Siku ya kugawa unga ku kanisa, Paulin, mwenye kazi ya ordinateri, ile mashini ya hesabu, aliita:

— Mama Tamar, batu batatu. Ndoo zero.

— Zero namna gani, Bwana Paulin? Batoto watakula mvua?

— Mama, mashini haikoseake.

— Basi ije ilale na njaa kwangu!

Batu walicheka. Tamar hapana. Kamioni yenye kuleta unga ilipaswa kurudi Kasindi mbele ya giza kuingia, juu ya kuogopa basoda, maaskari wa barabarani. Unga wenye kubaki ungeenda nayo.

Jirani ya Tamar, Eliane, mwalimu wa hesabu, akaingia kati.

— Paulin, uliambia mashini nini?

— Batu bane, ndoo moja. Basi, igawe hesabu ya batu kwa nne.

— Ulisema ihesabu ndoo nzima tu. Robo tatu ya ndoo, inaitupa. Ku soko mama akipima ndoo, anamalizia na kopo. Mashini haijui kopo mpaka uiambie.

— Ndoo iko na makopo kumi na mbili, Paulin akajibu.

Akaandika: tatu, gawa kwa nne, zidisha kumi na mbili. Zero tena. Inje dereva wa kamioni akapiga honi.

— Mungu wangu! Tamar akasema. Anaenda!

— Hapana kugawa kwanza, Paulin! Eliane akasema. Ukigawa kwanza inatupa masalio, kisha inazidisha zero. Zidisha, kisha ugawe.

Tatu mara kumi na mbili: makumi tatu na sita. Gawa kwa nne: makopo tisa!

— Jaribu batu saba, Eliane akasema.

Makopo makumi mbili na moja, ni kusema ndoo moja na makopo tisa. Lakini asubuhi familia ya batu saba ilipewa ndoo moja tu, na hakuna mutu aliuliza.

Paulin akashika kichwa. Kumbe ule unga wa mu kamioni ulikuwa haki ya batu yenye mashini ilitupa! Akakimbia inje.

— Dereva, ngoja! Iteni familia zote zirudi!

Tangu siku ile, Paulin anafanya kwanza kwa mukono hesabu ya familia kidogo na ya familia kubwa. Mashini ikijibu sawa, njo anaita batu.

Na jioni ile Rébecca aliomba bukari ingine, ugali wa ule unga. Mama yake akamuongezea.