Bakuli la Rayna

Jumamosi, tarehe kumi na nne Septemba. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda juu ya Ziwa la Korongo, na umande wa baridi ulilowesha mitumbwi iliyolazwa kifudifudi ufukweni.

Bineshi alisimama dirishani akiwatazama watu wakiingia ziwani wawili wawili. Mmoja alisimama nyuma ya mtumbwi akiusukuma kwa upondo, mwingine aliketi mbele akiyainamisha mabua ya mpunga mwitu uotao majini na kuyapigapiga kwa fimbo mbili nyepesi. Punje zilianguka ndani ya mtumbwi kama mvua ya rasharasha. Kabla ya kuanza, kila mmoja alidondosha tumbaku kidogo majini na kumshukuru Muumba.

Bineshi, msichana wa miaka kumi na miwili, alipaswa kuwa miongoni mwao. Mwaka huu ndio ungekuwa wa kwanza kwake kushika fimbo. Lakini alikuwa amezuiwa kukanyaga ziwani msimu mzima.

Katika kijiji chao, huko kaskazini mwa Minesota, Marekani, hakuna anayegusa mpunga wa ziwani kabla mzee wa ziwa hajatangaza kuwa umeiva. Anayewahi huvunja mabua mabichi, na sehemu hiyo haizai tena mwaka huo. Wiki tatu zilizopita mabua ya upande wa mashariki yalikutwa yamevunjwa ovyo. Mjomba Gerald, ambaye ndiye mzee wa ziwa, aliuliza nani amefanya hivyo. Rayna, binamu yake Bineshi, akajibu haraka, "Nilimwona Bineshi na mtumbwi wao wa kijani."

Ulikuwa uongo mtupu. Bineshi alikana mpaka sauti ikamkauka, lakini mtumbwi wa kijani ulikuwa na vipande vya mabua ndani yake, na Mjomba Gerald hakuuliza zaidi. Shuleni wenzake walimpa jina jipya: Mvunja Mpunga. Rayna ndiye aliyekuwa akilitaja kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Shoga, leo umekuja kwa miguu?" alimwambia juzi mbele ya darasa. "Au mtumbwi umeuficha kwenye begi?"

Watoto walicheka. Tangu siku aliposingiziwa, kisasi kilikaa kifuani mwa Bineshi kama kaa la moto, na kila akipumua lilizidi kuwaka.

"We Bineshi, dirisha hilo litatoboka!" Bibi Leota aliita kutoka mlangoni. "Njoo tukatafute uyoga. Leo ni sherehe ya mchele mpya, na pilau haijipiki."

Bibi Leota alikuwa ametoka hospitali wiki iliyotangulia. Figo zake zilikuwa dhaifu, na daktari alikuwa ameonya kwamba hata kuharisha kwa siku moja kungeweza kumrudisha kitandani. Hata hivyo alitembea polepole hadi msituni, akiegemea bega la mjukuu wake. Kwenye kisiki cha mwaloni walikuta uyoga wa rangi ya asali umejazana kama vifaranga. Bibi aliuchunguza mmoja mmoja, akaukata kwa kisu.

"Huu ni mtamu, lakini una masharti," alisema. "Unauchemsha kwanza, unamwaga yale maji, kisha ndiyo unaukaanga. Ukiula nusu mbichi, mama wee! Tumbo litakukamata mpaka ulitaje jina la babu yako."

Bineshi alicheka pamoja naye. Kisha kicheko kikamkatika, maana wazo lilikuwa limemwingia.

Walipofika nyumbani, Bibi aliketi mezani akatoa maelekezo, naye Bineshi akapika. Aliosha mchele mweusi mwembamba, wa mavuno ya wiki iliyopita, mara kadhaa, akaubandika katika supu ya bata mwitu, akauacha uchemke taratibu hadi punje zikapasuka na kuonyesha weupe wake. Akachemsha uyoga, akamwaga maji, akaukaanga kwa siagi na vitunguu. Nyumba nzima ikanukia moshi na msitu. Haikuwa pilau ya bizari na karafuu, lakini hakuna aliyewahi kuionja akaacha kuomba nyongeza.

Bibi alipokwenda kujilaza kidogo, Bineshi alitoa kiganja cha uyoga alichokuwa amekificha. Akaukatakata, akaupitisha juu ya moto mara moja tu, akauchanganya na pilau kidogo ndani ya kopo lenye mfuniko. Akilini alimwona Rayna akijikunja, akilia, akikimbilia chooni huku shule nzima ikimcheka. "Na mimi nitakutafutia jina," alinong'ona.

"Bineshi!" Bibi aliita kutoka chumbani. "Usisahau kufungasha mabakuli yetu!"

"Sawa, Bibi!"

Lakini akili yake ilikuwa ndani ya kopo. Alifungasha bakuli lake tu.

Ukumbi wa jamii ulikuwa umejaa. Kama ilivyo desturi ya sherehe, kila mtu alikuja na bakuli lake na kijiko chake kutoka nyumbani. Bineshi alijitolea kupakua, na wanawake wa jikoni wakamsifu kwa bidii yake. Mjomba Gerald aliomba kwa Kiojibwe, lugha ya mababu zao, sala ndefu ya kuushukuru ule mchele na kuwakumbuka wazee waliotangulia. Watu wote waliinamisha vichwa. Bineshi naye aliinamisha chake, lakini maneno ya sala yalipita pembeni mwa masikio yake.

Rayna alifika mbele ya meza na bakuli lake la bluu lenye maua mekundu.

"Nijazie vizuri," alisema. "Usinibanie kama vile mchele ni wako. Hukuuvuna wewe."

"Wala usijali," Bineshi alimjibu, akitabasamu. "Lako nimelitenga kabisa."

Akafungua kopo, akamimina lote, akashindilia kwa kijiko. Kisha akamfuata Rayna kwa macho. Alitaka kuona kijiko cha kwanza.

Rayna hakwenda kuketi. Alikuwa amesimama mbele ya Bibi Leota, aliyekuwa akipekua mfuko wake kwa wasiwasi.

"Bibi, huna bakuli?"

"Mjukuu wangu amelisahau. Si neno, mwanangu, nitangoja."

"Hapana, Bibi. Wewe umetoka hospitali. Chukua langu, mimi nitaazima."

Rayna aliliweka lile bakuli la bluu mapajani mwa Bibi Leota. Bibi akamshukuru, akachota kijiko, akakipuliza.

Bineshi akisema, ukumbi wote utajua. Akinyamaza, Bibi atakula.

"Bibi, usile!" Alipiga kelele, akaruka meza, sufuria ya supu ikapinduka nyuma yake. "Usile! Usile!" Alimpiga Bibi mkono, kijiko kikaruka, pilau ikatapakaa sakafuni.

Watu wakaacha kula.

"Una wazimu, mtoto wewe?" Mjomba Gerald alifoka.

"Uyoga haujaiva," Bineshi alisema. "Niliufanya makusudi. Ulikuwa wa Rayna. Nilitaka aumwe." Machozi yakamtoka. "Alinisingizia, Mjomba! Sikuvunja mpunga mimi! Nilisema, nikasema, na hakuna aliyenisikiliza!"

Macho yote yakamgeukia Rayna. Msichana huyo alilitazama bakuli lake, kisha mikono ya Bibi Leota iliyokonda kwa ugonjwa.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Nilichukua mtumbwi wao bila kuomba. Nilitaka kujaribu fimbo kabla ya wengine. Mabua yakavunjika, nikaogopa."

Mjomba Gerald alivua kofia yake. "Basi na mimi nimekosa," alisema. "Niliona mabua ndani ya mtumbwi, nikahukumu mtumbwi badala ya kumsikiliza mtoto. Nisamehe, Bineshi. Lakini nisikilizeni wote wawili. Mmoja alivunja mpunga, mwingine nusura avunje mtu. Msimu huu hakuna kati yenu atakayeingia ziwani. Mwakani mtaingia pamoja, mtumbwi mmoja: mmoja upondo, mwingine fimbo. Mkigombana, mtazama."

Mtu mmoja alicheka huko nyuma, na ukumbi ukapumua tena.

Bibi Leota alimvuta mjukuu wake karibu.

"Uliumizwa kweli," alisema. "Sitakuambia kwamba haikuuma. Lakini mpunga ukipigwa ukiwa mbichi, hapati chakula aliyeupiga wala jirani yake. Haki nayo ni hivyo hivyo. Ungenipeleka mimi kwa Mjomba wako, ningesimama nawe mpaka akusikilize. Ulitaka uivune peke yako, kwa hasira, na ukaitupa sumu mahali ambapo hukuweza kuamua nani ataila. Kisasi hakina macho, mwanangu. Kinamla aliye karibu." Akamgeukia Rayna. "Na wewe, uongo wako ndio uliowasha jiko hili. Jumatatu utasema ukweli shuleni kwa sauti ile ile uliyomtania nayo."

"Nitasema, Bibi," Rayna alijibu.

"Na wewe, Bineshi? Una neno?"

Bineshi alifuta uso kwa mkono wa sweta. Moyoni bado kulikuwa na uchungu, na hakujidanganya kwamba umekwisha. Lakini alisimama wima, akawatazama watu wa kijiji chake, wengine wakiwa na vijiko mikononi, na akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Mbele ya Muumba na mbele yenu nyote, naahidi: nikidhulumiwa nitasema, na nisiposikilizwa nitasema tena. Lakini mkono wangu hautampikia mtu yeyote madhara, hata awe adui yangu."