Sista Ajifunza Kukabidhi Zamu

Mimi ni fundi cherehani. Nashona katika chumba cha mbele cha nyumba yetu, dirisha wazi, ili wateja waniite wakiwa barabarani. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mtaa mzima humwita Sista. Hata mimi humwita Sista, na yeye huniita Fundi, utadhani tulifahamiana jana.

Sare yake naipiga pasi mimi. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, hupita na kikombe chake cha chai akitikisa kichwa.

"Mwanangu, wanaume wenzako wanakuona."

"Waache waone, Mama. Wengine wanatamani na hawana muuguzi wa kumpigia pasi."

Sifichi. Najivunia mke wangu. Akipita barabarani na sare yake nyeupe, akina mama huwaonyesha watoto wao. "Yule ndiye aliyekuuguza nimonia." Mimi huinamia cherehani na kujifanya sisikii, kumbe masikio yamesimama.

Lakini kuna kipindi nilijivunia huku naogopa.

Kilianza Jumapili moja. Sista alikuwa na mapumziko. Tulikwenda kanisani, akaimba na kwaya. Saa ileile, mtoto wa kitanda cha sita alifariki. Sista alikuwa amemuuguza wiki mbili. Wenzake walifanya kila kitu. Daktari alikuwapo. Hata hivyo, Jumatatu Sista alipokikuta kitanda kimetandikwa upya, aliumia sana.

"Nilikuwa naimba, Fundi," aliniambia. "Mimi naimba, yeye anakufa."

Tangu siku hiyo hakupumzika. Mwenzake akiumwa, yeye alishika zamu. Mwenzake akiwa na harusi, yeye alishika zamu. Akilazimishwa kubaki nyumbani, alipiga simu wodini mara saba, mara nane. "Wa kitanda cha tatu amekunywa maziwa? Joto limeshuka?" Kwaya aliacha. Hata kwenda kanisani aliacha. Alipiga magoti kuomba, akawataja wagonjwa wote, kisha akainuka na kupiga simu tena.

Mama yangu alimtazama siku moja akila amesimama.

"Mkwe wangu, wewe ni punda afe mzigo ufike. Sasa niambie, punda akifa, huo mzigo unafikaje?"

Sista alicheka kidogo, akabeba mkoba wake, akaenda kazini.

Siku ya kumi na mbili mfululizo, alirudi saa tisa mchana. Alivua sare akanirushia.

"Kishikizo kimetoka, Fundi," alisema, akajitupa kitandani. Kabla sijajibu alikuwa anakoroma.

Niliiweka sare mezani. Kitu kikagonga mbao. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa funguo mbili zilizofungwa kwenye kipande cha ubao. Ubaoni pameandikwa: KABATI LA DAWA, WODI YA WATOTO.

Mume wa muuguzi hujua mambo. Muuguzi haondoki kazini vivi hivi. Hukabidhi zamu. Anayetoka na anayeingia hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Huyu amepewa dawa gani, yule anasubiri kipimo gani. Mwisho huhesabu pamoja zile dawa kali zinazofungiwa, na funguo hutoka mkono mmoja kuingia mwingine. Funguo zile hazilali nyumbani kwa mtu.

Nilitazama simu ya Sista. Ilikuwa imezima, haina chaji.

Sikumwamsha. Nilitoka mbio na utepe wa kupimia shingoni na sindano imechomekwa kwenye ukosi. Watu wakasimama kunitazama. Muuza magazeti akapiga kelele, "Fundi, amekimbia na kitambaa chako nani?" Sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Mlangoni mwa wodi nilikutana na muuguzi wa zamu, amenyoosha mkono kabla sijasema neno.

"Funguo!"

Ndani, mtoto wa miaka miwili alikuwa anatetemeka mwili mzima. Macho yamegeuka. Lilikuwa degedege. Mama yake alikuwa amejibana ukutani. Mtu alikuwa ametumwa duka la dawa la hospitali kutafuta funguo za akiba, na hajarudi. Kabati likafunguliwa. Muuguzi mmoja alisoma jina la dawa na kipimo kwa sauti. Mwenzake akarudia. Wakamchoma mtoto sindano. Tukangoja. Mikono ikatulia kwanza, kisha miguu, kisha mtoto akavuta pumzi ndefu na kulala.

"Dawa imechelewa dakika ngapi?" nilimuuliza muuguzi.

"Kumi," alisema, akifuta jasho. "Mshukuru Mungu hazikuwa ishirini."

Nilirudi nyumbani taratibu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeiona kazi ya mke wangu kwa macho yangu. Kama nilimheshimu kabla ya hapo, sasa heshima ilizidi. Lakini ilinibidi nimwamshe na kumweleza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliketi sakafuni na kuuficha uso kwa mikono.

"Mungu amenionyesha," alisema. "Mimi si muuguzi."

Asubuhi yake, juu ya meza yangu ya kukatia, katikati ya chaki na mkasi, palikuwa na barua. Alikuwa anaacha kazi. Miaka kumi na tatu, na barua yenyewe mistari minne.

Barua kama ile sikuweza kuirekebisha. Mimi ni fundi wa nguo tu. Lakini siku hiyo Matroni alikuwa na miadi ya kujaribu gauni lake la kanisani.

Matroni ni jirani yetu. Amestaafu ukuu wa wauguzi, lakini bado hutembea kama anakagua wodi. Aliingia, akanisalimu, akakagua hata vumbi la dirishani. Kisha macho yake yakaanguka kwenye barua. Hakuniomba ruhusa. Alivaa miwani akaisoma.

"Yuko wapi?"

Sista alitoka chumbani na macho mekundu. "Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Umekula?"

"Bado."

"Fundi, mletee mkeo chai. Hii barua haiwezi kuzungumzwa na mtu mwenye njaa."

Nilileta chai. Mama yangu naye alijileta, na kiti chake. Sista akaeleza yote. Kitanda cha sita. Siku kumi na mbili. Funguo.

Matroni hakumkatiza. Alipomaliza, aliuliza, "Ripoti ya kosa umeandika?"

"Bado. Nimeandika barua tu."

"Barua ni ya kukimbia. Ripoti ndiyo ya muuguzi. Utaiandika leo. Kosa likiandikwa linawafundisha wenzako. Likifichwa, litamrudia mgonjwa mwingine. Sasa niambie, ukikabidhi zamu, je, inaruhusiwa kubaki na funguo?"

"Hapana, Matroni. Ni hatari. Anayebaki hawezi kufanya kazi."

"Basi wewe ulibaki na funguo muda mrefu kabla ya jana. Wenzako uliwakabidhi wagonjwa kwa mdomo, ukawapigia simu mara nane. Mungu ulimkabidhi kwa magoti, ukainuka ukawabeba tena. Ulikuwa unampelekea Mungu ripoti tu. Funguo ulibaki nazo mwenyewe."

Sista aliinamisha kichwa.

"Kuna asubuhi moja," Matroni aliendelea, "watu wote walikuwa wakimtafuta Bwana Yesu. Jana yake alikuwa ameponya wengi. Wengine bado wanakuja. Yeye alikuwa ameshatoka mapema, yuko peke yake, anaomba. Wanafunzi wakamfuata mbio kumwambia kuwa anatafutwa. Je, alirudi palepale?"

"Hapana. Aliwaambia waende miji mingine."

"Na wale wagonjwa aliwaacha na nani?"

Sista alifikiri. "Na Baba yake."

"Na Baba yake. Sasa kama Mwana wa Mungu alitoka zamu akaenda kuomba, wewe nani kakuambia zamu yako haina mwisho?"

"Nilimwambia mimi habari za punda," alisema mama yangu.

"Ulimwambia vizuri, dada," alisema Matroni.

Sista hakucheka. "Na yule wa kitanda cha sita, Matroni? Kama ningekuwapo?"

Matroni alivua miwani. Nilimwona, yule mama mgumu aliyetisha wauguzi miaka nenda rudi, akiifuta miwani isiyo na vumbi.

"Nimefanya kazi hii miaka thelathini na minne. Watoto wengine walifia mikononi mwangu, mchana kweupe, nikiwa nimepumzika na kushiba. Nilikuwapo. Walikufa. Kazi yetu ni kumtunza mtoto vizuri katika saa tulizopewa. Uhai wake haukuwa mkononi mwangu, wala si mkononi mwako. Na kuimba kwako Jumapili ile hakukuwa kosa, mwanangu. Ulikuwa mahali pako. Na mwenzako alikuwa mahali pake."

Hapo Sista alilia. Hakuwa amelia tangu Jumapili ile. Mama yangu alimshika mgongo.

"Nifanyeje sasa?" aliuliza baadaye.

"Kwanza ripoti. Pili, mwambie mkuu wa wodi ukweli kwamba umechoka, umwombe siku zako za mapumziko. Mwili wenye usingizi husahau, hata uwe na upendo kiasi gani. Maombi hayachukui nafasi ya usingizi. Aliyeumba usingizi ni Mungu huyohuyo unayemwomba. Tatu, ukitoka zamu, mkabidhi mwenzako kila kitu, mpaka funguo. Kisha nenda kwenye sinki. Unapoosha mikono, mtajie Mungu wale watoto mmoja mmoja, umwambie: Bwana, nimefanya niliyoweza, sasa zamu ni yako. Sema amina. Funga bomba. Nenda nyumbani."

"Na barua?"

"Barua ilale. Mtu aliyechoka haamui jambo kubwa. Ukishapumzika, kama bado unataka kuacha, nitakusindikiza mimi mwenyewe kuipeleka."

Alisimama, akajaribu gauni lake, akasema bega la kushoto limekaa vibaya. Lilikuwa limekaa vibaya kweli.

Mchana huo Sista alikwenda hospitali na ripoti yake. Mkuu wa wodi alimgombeza, kisha akafungua ratiba na kushtuka. Siku kumi na mbili! Akakiri kwamba hata yeye alikosa, maana alizoea kuona jina la Sista kila mahali. Akampa siku nne.

Kabla ya kuondoka, Sista alikwenda kumwomba radhi mama wa yule mtoto wa degedege. Mtoto alikuwa ameketi, anagonga kijiko kwenye sahani. Mama yake alimfuta mtoto mdomo kwanza. Alikuwa na haki ya kukasirika.

"Nimekusikia," alisema hatimaye. "Niliogopa sana jana. Lakini juzi niliposhindwa kula, wewe ndiye uliyemshika mwanangu ili nikale. Pumzika, Sista, halafu urudi. Tunakuhitaji ukiwa mzima."

Siku nne zilipita. Sista alilala, akala ameketi, akalala tena. Siku ya tano alichana barua mwenyewe. Matroni hakuhitajika kumsindikiza mtu.

Wodini mambo yalibadilika. Sasa funguo hukabidhiwa kwa sahihi mbili katika kitabu, ya anayetoka na ya anayeingia. Hakuna anayeshika zamu zaidi ya siku sita mfululizo. Na kabla ya zamu ya asubuhi, wauguzi wanaopenda hukutana dakika tano, husoma neno, huomba, kila mmoja husema mzigo wake. Muuguzi mmoja asiye wa imani yetu huja pia. Anasema pale ndipo mahali pekee hospitalini mtu humuuliza, "Na wewe unaendeleaje?"

Nyumbani tulimpata tena mke na mkwe. Kwaya ilimpata mwimbaji wake.

Halafu, miezi mitano baadaye, alirudi mchana mmoja akiwa na uso mzito. Kulikuwa na msichana mdogo wodini, moyo wake mbovu tangu kuzaliwa. Sista alikuwa amemkabidhi akiwa na hali mbaya sana. Siku hiyo Sista alikula, akaomba, akalala. Simu alikuwa nayo karibu, na hakuigusa. Asubuhi alikwenda kazini, na saa nane mchana akarudi, akaketi karibu na cherehani yangu.

"Yule wa moyo amefariki jana jioni," alisema.

Niliacha kushona. Niliogopa. Nilitazama meza yangu ya kukatia, kana kwamba barua nyingine ingeota pale.

"Alikuwa na nani?" niliuliza.

"Na mwenzangu. Alimshika mkono mpaka mwisho. Alifanya kila ambacho mimi ningefanya." Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. "Na Mungu alikuwa zamu, Fundi. Ninaumia sana. Lakini sijaachwa, na yule mtoto hakuachwa."

Alilia mpaka akamaliza. Jioni akakaa na mama yangu, wakazungumza mpaka wakacheka.

Asubuhi iliyofuata alivaa sare, akafunga vishikizo vyote, akachukua mkoba. "Kuna watoto kumi na wanane," alisema. "Kwaheri, Fundi." Akatoka. Nilikuwa na mteja dirishani, mzee mmoja aliyeleta suruali ya kupunguza. Niliacha suruali, nikasimama wima mpaka Sista alipopinda kona.

"Mbona umesimama, fundi?" mzee aliuliza. "Nani anapita?"

"Muuguzi," nilimwambia.

Mzee alitazama barabarani. Kisha akavua kofia.