Barua Iliyosomwa Upande Mmoja

Asubuhi hiyo Bethia Moncur alikuwa akinakili barua za kaka yake kwenye daftari kubwa, kazi yake ya kila siku, akakuta moja imeandikwa mara mbili.

"Gavin, tangu lini na wewe unakatiza mistari?" aliuliza. "Si wewe unayewaita wagonjwa wako wachafuzi wa karatasi?"

"Sijakatiza kitu, dada. Vaa miwani."

"Miwani ninayo usoni. Njoo uone."

Dakta Moncur akaja, akaona. Ilikuwa barua yake kwa mke wa tajiri mmoja wa Glasgow, kumshauri anywe supu nyepesi na apande farasi kila asubuhi. Juu ya mistari yake, kwa kuipita ubavu, mtu alikuwa ameandika mistari mingine kwa wino wa kahawia. Mwandiko ulikuwa mdogo, wa kike. Karatasi ilinuka moshi wa udongo wa kinamasi, ule wanaouchoma visiwa vya kaskazini badala ya kuni.

Kukatiza kwenyewe hakukuwa ajabu. Siku hizo posta ilitoza kwa karatasi, na mlipaji alikuwa mpokeaji, kwa hiyo mtu mwenye adabu akishajaza ukurasa aliugeuza ubavu akaandika tena juu ya yaleyale, asimtie mwenzake hasara. Edinburgh nzima ilisoma barua hizo kwa kukodoa macho. Dakta Moncur hakuisoma mistari hiyo ya ubavu. Alikuwa daktari wa barua: wagonjwa wake walikaa mbali, hakuwahi kuwashika hata mkono, walimwandikia maumivu naye akawaandikia tiba. Alikuwa hodari, simnyimi haki yake. Lakini kiburi kilimjaa. Alisema jambo la maana mtu huliweka mwanzo wa barua, hiyo mistari ya juu ni porojo tu. Sasa mtu mwenye haya, jambo lake huliweka wapi? Hilo hakujiuliza.

Siku ya pili, saa sita mchana, ukungu wa baharini ukiwa umeifunika mitaa hata nyumba ya pili haionekani, ndugu hao wawili walikuwa mezani wakasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Sauti ilitoka chumba cha kazi, na chumba kilikuwa kimefungwa.

"Nani huyo?" Bethia alinong'ona.

"Panya."

"Panya anayechovya wino, Gavin?"

Kweli, kalamu ilikwaruza, ikanyamaza, ikagonga ukingo wa kidau, ikakwaruza tena. Walipofungua mlango hapakuwa na mtu. Kiti kilikuwa kimevutwa, harufu ya moshi na sufu mbichi imetanda, na barua zote za siku ile zimekatizwa. Safari hii mstari mmoja ulisomeka, uleule, barua baada ya barua: *Damu yetu ikianza kutoka haikomi.*

"Unaujua mwandiko huu," Bethia alisema.

"Siujui."

Masikio yake yalikuwa mekundu. Dada mtu aliyaona, maana alimlea.

Aliujua vizuri mno. Miaka miwili nyuma mwanamke wa visiwa vya Orkney, Ursilla Heddle, alimwandikia juu ya kichwa kumuuma na kizunguzungu. Dakta alisoma upande mmoja, akajibu: achanjwe mshipa, atolewe damu vikombe viwili. Mganga wa kule akamchanja. Damu haikuganda. Siku ya tatu akafa. Mumewe, Nicol, aliandika kuuliza kulikoni, na hapo ndipo dakta alipoitoa barua ya marehemu, akaigeuza, akasoma mistari ya kukatiza. Ursilla alikuwa ameeleza kila kitu: kwao, upande wa mama, damu ikitoka haikomi, mamake alikufa hivyo, hakumwambia mume kwa kuogopa binti yao angeitwa mwenye laana akakosa mchumba. *Nakuomba dakta uitunze siri hii.*

Naye dakta akaitunza, eti. Alimjibu Nicol kwamba bila shaka mkewe alikaidi akafungua bendeji.

Basi, kesho yake baada ya mkwaruzo ule wa chumbani, ikaja barua ya Nicol mwenyewe. Binti yake, Sibella, miaka kumi na minne, ameanza kuumwa kichwa kama mamake. Mganga atapita kisiwani tarehe ishirini na sita. *Tutamchanja kama ulivyoelekeza kwa mamake, na huyu nitamshika mimi mwenyewe asiguse bendeji.*

Ilikuwa tarehe nane. Gari la posta la kaskazini liliondoka saa kumi jioni, na likimpita hilo, jibu lisingewahi.

Dakta akaketi, akavuta karatasi. Akaandika kwamba binti asichanjwe, hali ya hewa mwaka huu si nzuri kwa tiba hiyo. Akashusha pumzi. Ona ujanja wa mtu mwenye aibu: alitaka kumwokoa mtoto bila kujiumbua.

Kabla hajaipuliza wino ukauke, karatasi ilianza kukwaruza. Hapakuwa na kalamu juu yake. Mistari ilitokea ukingoni ikatambaa juu ya maneno yake mpaka lisisomeke hata moja. Akachukua karatasi nyingine, akasingizia umri wa binti, ikafunikwa. Akachukua ya tatu, akisingizia mwezi mwandamo, kama mpiga ramli wa sokoni, yeye msomi, na safari hii mkwaruzo ulikuja na pumzi za mtu anayehema karibu na shingo yake, na baridi, na ule moshi uliomwasha koo, na mistari ikazidi kunenepa ikashikana ikajaza karatasi ikavuka ukingo ikaenda mezani, ya kahawia, halafu nyekundu, ya moto, ikimlowesha kiganja na kuchuruzika magotini wala haikomi, akaelewa kwamba huo haukuwa wino na haukuwahi kuwa wino.

"Gavin!" Bethia alikuwa mlangoni, mkono mdomoni. "Umemfanyia nini huyu mwanamke?"

Akamwambia. Yote, akitazama sakafu.

Bethia alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye ukurasa mmoja. "Ile ya bendeji niliinakili mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Umenifanya nimsingizie maiti."

"Niliona haya, dada."

"Basi ona haya ukiandika. Saa tisa na robo hiyo."

Aliandika kwamba hakusoma barua ya Ursilla mpaka mwisho. Kwamba humo marehemu alimweleza siri ya damu ya kwao, na sasa lazima mume aijue ili mtoto apone. Kwamba yeye ndiye aliyemuua, na alijua, na akadanganya. Karatasi ikabaki safi. Akakimbia nayo posta bila kofia, kiganja kikiwa bado chekundu, na watu wakimtazama.

Tangu siku ile hapakukatizwa barua. Wiki ya saba likaja jibu, Bethia akalisoma kwa sauti:

*Dakta. Sibella hakuchanjwa. Anakula, anacheka. Barua yako nilimpa mchungaji aisome kanisani mbele ya wote, maana mke wangu aliitwa mkaidi kisiwa kizima. Mimi mwenyewe nilimwita hivyo, nikiwa juu ya kaburi lake. Usituandikie tena.*

Bethia akafungua daftari, akachovya kalamu. "Tumjibu nini?"

"Amesema tusimwandikie."

Dakta Moncur akaingia chumba cha kazi, akafunga mlango, akaweka karatasi tupu mezani. Akaketi kando yake hadi jioni, akingoja ikwaruze, apate angalau mtu wa kumwomba radhi. Haikukwaruza.