Maji Yaliyomwagwa Bila Hodi

Theluji ilifunika Erzurum yote, mapaa na makaburi, ila kizingiti cha Bibi Shahsenem. Pale iliyeyuka kila ilipoanguka, na jiwe likafuka mvuke. Nazik, mkaza mwanawe, aliyekuwa bado ndani ya arobaini ya uzazi, alimweleza mama mkwe wake. Akajibiwa kwamba mzazi huona mengi, anywe supu yake alale.

Shahsenem hakuwa mtu wa kutishwa na jiwe. Warusi walipouzingira mji, yeye, mjane kijana, alimwacha mwanawe mchanga ndani analia, akapandisha sufuria kubwa ya maji yanayochemka hadi juu ya ukuta, akawamwagia waliokuwa wakikwea ngazi. Mwana huyo sasa alikuwa askari wa mbali, naye ndiye mume wa Nazik. Kila majira ya baridi wageni walikuja kunywa chai na kuisikia tena habari ile, na bibi hakuwanyima. Jasiri haachi asili.

"Sikusema neno," alikuwa akimalizia huku anacheka. "Niliinua, nikamwaga."

Wageni wakapiga makofi. Lakini safari hii walipoondoka, nyumba ilibaki na harufu ya ngozi iliyobabuka. Nazik alifungua dirisha, haikutoka. Maji ya mtungini yakawa vuguvugu, kesho yake ya moto, na mtoto kila akilala akawa anashtuka na kukodolea macho pembe moja ya dari, pembe ambayo Nazik naye alianza kuiogopa, kwa sababu humo alisikika mtu akilia kwa sauti ndogo, kilio cha mama si cha mtoto, kikipanda kila Shahsenem alipofungua kinywa na kunyamaza aliponyamaza, kana kwamba aliyekuwa akilia alikuwa anamsikiliza.

"Umemwaga maji ya moto uani bila kupiga hodi," Shahsenem alimnong'oneza mkwewe kwa hasira. "Kwenu hawakukufunza kuwaomba ruhusa wenyewe wa chini?"

"Wallahi, mama, tangu nijifungue sijagusa hata birika."

Akaitwa Hafidh Idris, mzee wa kusomea wagonjwa. Alisoma mpaka jasho likamtoka katika baridi ile, kisha akauliza kwa upole ni nani nyumbani humo aliyewahi kumwaga maji ya moto bila idhini ya majini. Shahsenem alitaka kusema si yeye, akayakumbuka maneno yake: niliinua, nikamwaga. Alikuwa ameyasema mwenyewe mbele ya mji mzima, miaka nenda miaka rudi.

Nazik alikuwa amempakata mtoto. Kinywa cha Nazik kikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mwanangu alikuwa amelala chini ya ukuta ule. Alibabuka mikononi mwangu. Na wewe unasimulia, watu wanapiga makofi."

Hafidh akamuuliza jini huyo kwa nini hakulipiza kisasi siku ile ile.

"Kwa mwana yupi? Yule aliyemwacha analia? Yule angemtoa sadaka. Nimengoja apate asiyeweza kumtoa."

Shahsenem akapiga magoti. Hakuwa amelia tangu vita, sasa alilia bila haya, akisema aliyemwaga ni yeye na kisasi kimshukie yeye, na kabla Hafidh hajamzuia alikwisha kufika jikoni, penye sufuria ya maji iliyokuwa ikitokota mekoni, akapiga hodi kwa sauti, akaomba radhi, akaizamisha mikono yote miwili mpaka viwikoni, akayangoja maumivu, akayangoja kwa hamu, akayaomba yaje, na hayakuja, maana maji yale yaliyokuwa yakichemka mbele ya macho yake yalikuwa baridi mno.

Akaitoa mikono. Haikuwa hata na wekundu.

Chumbani mtoto akapiga yowe. Kisha Nazik, kwa sauti yake mwenyewe sasa, akaita polepole.

"Mama. Njoo uone mikono yake."